Bia Ndani ya Lifti

3 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Barua hii na ikukute umesimama imara, na Mama ameketi pale anapopenda, karibu na redio, akibishana nayo. Sisi huku wazima. Magoti yangu ndiyo yamegoma. Nikipanda vidato viwili vitatu vya ngazi yanalia kama mlango usiotiwa mafuta, na aibu yake ni kwamba mimi nimetia mafuta milango ya lifti maisha yangu yote. Bahati nzuri tunakaa chini, na ingawa kampuni imenistaafisha, wapangaji wameniachia lifti ya jengo letu niendelee kuihudumia. Wifi yako anakusalimu kutoka jikoni. Anakusalimu kwa sauti kubwa maana anagonga sufuria.

Sasa nije kwenye zawadi yako. Kampuni ilinipa saa ya ukutani isiyotembea. Wewe ukaniletea boksi: ndoo yenye mfuniko na bomba lake, kopo la kimea kizito kama asali nyeusi, pakiti ya hamira, na kile kijiti cha kioo kinachoelea kupima ukali. Mdogo wangu, hiyo ndiyo zawadi ya kumpa fundi. Nilifuata karatasi ya maelezo neno kwa neno. Ndoo ikakaa pembeni ya jiko, inapumua, blop, halafu kimya, halafu blop. Wifi yako alisema ni kama kuishi na mgeni anayecheua.

Ilipoiva nilimwita Mhasibu wa ghorofa ya tatu, mwenyekiti wa wapangaji, yule anayevaa tai hata akienda kutupa taka. Akanywa glasi nzima. Akajifuta mdomo kwa leso, akaikunja leso, akasema, "Jirani, haya ni maji yaliyowahi kupita karibu na bia."

Kisha akainuka, akatembea mpaka kwenye lifti, mstari umenyooka kama rula.

Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Mimi, niliyepandisha na kushusha watu hewani bila kumwangusha hata mmoja, nitengeneze kinywaji kisichomtikisa hata mhasibu? Nitumie hamira ile kali, na makopo mengine ya kimea. Nataka bia ambayo Mhasibu akishaimaliza na kutaka kuinuka, kiti kimwambie, "Subiri kwanza."

Kaka yako, mwenye ndoo tupu.


22 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Mama hajambo. Redio ndiyo iliyofariki, na Mama anasema ilishindwa hoja. Mimi niko palepale kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka yanaingia machafu, yanatoka meupe, na hakuna anayeuliza sisi wafuaji tunatoka tukiwa rangi gani. Watoto hawajambo.

Kaka, zawadi nilikuletea upate la kufanya na mikono, si utangaze vita na ghorofa ya tatu. Nimemuuliza aliyeniuzia boksi lile, na anakuonya hivi. Sukari ikizidi, hamira hulewa na kufa kabla kazi haijaisha, na wewe utabaki na ndoo ya uji mchungu. Na jambo kubwa: usifunge chupa kabla bia haijatulia kabisa. Hewa ikikosa mlango, itautengeneza.

Makopo yamo kwenye kifurushi hiki. Hamira kali pia, pakiti moja. Umesoma? Moja.

Mama yuko begani kwangu, ananinong'oneza kwa kupiga kelele niandike, "Mwambie aongeze sukari." Siandiki.

Hivi wifi alikuwa anagonga sufuria kwa nini?

Dada yako.


17 Machi

Mdogo wangu,

Mwambie Mama nimeongeza sukari.

Tuko salama, na mvua zimetuacha. Magoti yale yale. Nilichukua makopo mawili nikayatia kwenye maji ya kopo moja. Juu yake sukari, na juu ya sukari asali, kwa sababu nilikuwa nayo mkononi. Kile kijiti cha kioo nilipokitumbukiza hakikuzama, kilikaa juu kama bwana aliyekalia kiti cha mbele. Hapo nikajua tumefika mahali.

Usiku huo ndoo iliumuka. Povu lilisukuma mfuniko, likapanda ukutani, likapita juu ya jiko, likaingia kwenye kabati la nguo la wifi yako. Sitaki kurefusha habari. Lile gauni lake la zambarau, la shughuli, sasa linasimama lenyewe bila mtu ndani.

Tulikuwa na mazungumzo.

Kwa sababu za kiufundi, mtambo umehamishwa kutoka jikoni. Hamira haipendi jua wala baridi, wala watu wanaopita wakisema maneno. Nilizunguka jengo zima nikitafuta chumba chenye giza, joto lisilobadilika na mlango unaofungwa. Mdogo wangu, nilikuwa nimekiendesha chumba hicho miaka yote bila kukiona. Ndoo, ile yako na nyingine kubwa niliyonunua, zimeenea ndani ya lifti kama zilipimiwa. Nimeiegesha chini, nimefunga, nimebandika kibao: LIFTI INATENGENEZWA. Wala si uongo. Ndani yake kuna kitu kinatengenezwa.

Wapangaji wamelipokea vizuri, hasa sisi wa chini.

Wifi yako anakusalimu kutoka ghorofa ya pili. Yuko kwa fundi cherehani, anamsaidia kukata vitambaa. Kazi ni nyingi, kwa hiyo analala hukohuko.

Tuma hamira. Ile moja ilikuwa chache.

Kaka yako.


5 Aprili

Kaka,

Shikamoo tena, ingawa umenipa kazi kuitamka. Huku wazima. Mama amenunuliwa redio nyingine na wamesharushiana maneno. Alipoisikia habari ya gauni alicheka mpaka nikampa maji, halafu akasema, "Lile la zambarau? Alilovaa siku ya arusi yako?" Basi hakucheka tena.

Kaka, wifi tangu lini anakata vitambaa? Mkasi wake ni ule wa kufungulia pakiti za maziwa. Na ni fundi cherehani gani huyo anayeshona mpaka wasaidizi walale kwake? Mficha uchi hazai. Kama kuna neno, liseme.

Hamira sikutumii mpaka nijibiwe.

Kuna jambo dogo jingine. Kuna mwenzangu kazini, humjui, naye amejipatia ndoo. Mimi nimemkataza. Anauliza tu: joto la chumba cha kukaushia mashuka linafaa kwa hamira, au ni kali mno? Na mvuke wa bia ukiingia kwenye pamba, unatoka kwa sabuni ya kawaida? Ni yeye anayeuliza. Jibu haraka maana hana subira.

Na chupa, kaka. Nakukumbusha habari ya chupa.

Dada yako.


8 Mei

Mdogo wangu,

Salamu nyingi. Sisi ni wazima, na neno hilo mwezi huu nalitumia kwa shukrani.

Mwambie mwenzako chumba cha kukaushia kinafaa, ila aweke ndoo mbali na mashine. Sabuni ya kawaida haitoshi.

Habari ya chupa. Ndoo moja niliiona imetulia. Ilikuwa imekaa kimya kama mtoto anayevunja kitu chumba cha pili, lakini mimi nikasema imetulia. Nikajaza chupa, nikafunga vifuniko, nikazipanga humohumo ndani ya lifti, na nikasubiri. Wakati huo Mhasibu akaitisha mkutano wa wapangaji kwenye ukumbi wa chini. Ajenda ilikuwa moja: lifti inatengenezwa nini. Akasimama mbele ya kibao changu, akarekebisha tai, akasema, "Kama mwenyekiti, naomba ifunguliwe tuikague."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, kuna sehemu nyeti."

"Sehemu gani?"

Chupa ya kwanza ikajibu.

Ya pili ikasikia ya kwanza. Baada ya hapo hakukuwa na zamu. Wapangaji wote walilala kifudifudi, mtu na mtungi wake wa gesi akilini. Yule mwalimu mstaafu wa ghorofa ya tano alijifunika kiti kichwani. Chini ya mlango wa lifti ukaanza kutoka mto wa povu, mzuri, wa rangi ya dhahabu, ukamfikia Mhasibu pale alipolala. Akainua uso. Akaramba mdomo bila kukusudia. Nilimwona.

Akasema, "Hii ina nguvu kidogo kuliko ile."

Kidogo! Mdogo wangu, alisema kidogo, akiwa amelala chini!

Hakuna aliyeumia, maana mlango wa lifti ni chuma na niliufunga mwenyewe. Nimebakiwa na ndoo moja kubwa humo ndani, na hiyo sitaifunga kwenye chupa. Itaiva kwa wakati wake.

Wifi yako anakusalimu kutoka ghorofa ya tano. Yuko kwa yule mwalimu mstaafu. Anasema huko juu kuna hewa. Maelewano yetu ni mazuri kabisa: kila siku anashusha kikapu kwa kamba kupitia dirishani, ndani kuna chakula na mashati yangu yaliyopigwa pasi. Mimi natoa, naweka vyombo vilivyooshwa, navuta kamba mara mbili, kikapu kinapanda. Hatujawahi kupishana kauli.

Hamira, tafadhali.

Kaka yako.


27 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Najua nimechelewa. Barua yako imekaa juu ya kabati muda mrefu kuliko ilivyostahili, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya kabati hilohilo, nyumbani, mchana, siku za kazi. Nimesimamishwa kwa muda.

Yule mwenzangu ni mimi. Ulishajua, na asante kwa kutoniuliza.

Nilificha ndoo kwenye chumba cha kukaushia, nyuma ya rundo la mashuka safi. Nilitaka tu kuona kama naweza kukushinda. Mfuniko ukalegea, mvuke ukaingia kwenye pamba, nami nikajifariji kwamba ni harufu ya sabuni mpya. Mashuka yakaenda wodi ya wanaume. Siku ya kwanza hakuna aliyesema kitu. Siku ya pili wauguzi wakashangaa: wodi nzima imelala fofofo, hata yule mzee wa kitanda cha dirishani ambaye hugombana na dripu. Siku ya tatu wagonjwa wakaanza kuomba kubadilishiwa mashuka asubuhi, mchana na jioni. Mmoja alipewa ruhusa ya kwenda nyumbani, akakataa kushuka kitandani. Daktari aliinama amsikilize kifua, akanusa foronya, akakaa vilevile ameinama kwa muda mrefu.

Nilipoitwa ofisini nilisema kweli. Bosi aliuma midomo asicheke, kisha akakumbuka yeye ni bosi. Nitarudi kazini mwezi ujao, upande wa mapazia. Mapazia hayalaliwi.

Ile iliyobaki kwenye ndoo Mama ameimaliza. Anasema haina sukari ya kutosha.

Sasa nisikilize, kaka, maana nimekuwa na muda mwingi wa kusoma barua zako. Nimezipanga sakafuni. Barua ya kwanza, wifi yuko jikoni. Ya pili, ghorofa ya pili. Ya tatu, ghorofa ya tano. Jengo lenu lina ghorofa tano. Akitaka kuendelea kupanda itabidi awe ndege.

Unaniambia maelewano ni mazuri. Mke wako anakulisha kwa kamba kama mfungwa, nawe unaosha vyombo na kushukuru. Mpaka leo hujaniandikia hata mara moja kwamba umemfuata. Ukisema magoti, nitakuelewa. Lakini kaka, wewe ndiye fundi wa hiyo lifti. Katika dunia nzima mtu anayekuzuia kufika ghorofa ya tano ni mmoja tu, na ndiye aliyebandika kibao.

Hamira hakuna. Mama anasema neno hili ni lake pia, na safari hii ameninong'oneza kweli.

Dada yako.


21 Julai

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana kichwa bado kina mwendo wake. Nafurahi kusikia unarudi kazini. Mapazia ni kitengo cha heshima.

Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaitia mfukoni, nikaitoa tena. Nilikasirika siku mbili. Siku iliyofuata kikapu kilishuka, na ndani mlikuwa na mashati tu. Chakula hakikuwemo. Nikatazama juu, dirisha likafungwa. Nikaenda kubandua kibao.

Niliosha lifti ndani yote, nikatoa vipande vya chupa na vifuniko. Ndoo kubwa nilishindwa kuinyanyua, basi nikaiacha kwenye kona, nikaifunika na shuka. Nikavaa shati la pasi, nikachana kilichobaki kichwani. Mlango unajifunga, mguu wenye kiatu kilichong'aa ukauzuia. Mhasibu.

"Kumbe imepona," akasema. "Mimi ni mpangaji, nina haki ya kupanda."

Nikambonyezea ya tatu na mimi ya tano. Tulipita ya tatu bila kusimama. Halafu, katikati ya ya tatu na ya nne, ikatetemeka ikagoma. Sikuhitaji kufungua kisanduku kujua ni nini. Ile bia ililipuka ikarusha sukari mpaka kwenye swichi za milango, na sukari ikikauka ni gundi. Niliosha kila kitu nilichokiona, swichi sikuziona.

Mhasibu alipiga mlango, akaita, akapumzika, akaita tena. Mwishowe akaketi juu ya ndoo. Ikanguruma chini yake. Akaruka, akafunua shuka, akanitazama. Nikamwambia, "Maji yaliyowahi kupita karibu na bia."

Sikuwa na glasi. Tulitumia kifuniko cha kopo la mafuta ya mashine, nilichokipangusa. Kifuniko cha kwanza alikunywa amesimama. Cha pili alilegeza tai. Cha tatu akaivua, akaitundika kwenye kitufe cha dharura, akaniambia, "Jirani, unajua mimi sijawahi kupenda hesabu?" Akalia kidogo. Kisha akataka kuinuka aniwekee mkono begani, na sakafu ikamkatalia.

Mdogo wangu, nilikuwa nimeisubiri dakika hiyo tangu Februari. Nilimtazama pale chini, tai haipo, macho mekundu, ananisifu, nami sikusikia raha yoyote. Nilikuwa nawaza dirisha lililofungwa.

Ndipo nikasikia sauti ya wifi yako kutoka juu, ndani ya shimo la lifti.

"Wewe! Uko hai?"

"Niko hai!"

"Uko na nani?"

"Na mwenyekiti. Analia."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

Ningeweza kusema nilikuwa naijaribu lifti. Neno lilikuwa tayari mdomoni, mdogo wangu, na nilikwisha kulizoea. Nikasema, "Nilikuwa nakuja kwako."

Nikaendelea kuzungumza na dari. Nikamwambia gauni la zambarau nimelipeleka kwa dobi na limeshindikana, nikasema nisamehe. Nikamwambia nyumba imekuwa kubwa. Mhasibu akadakia kutoka sakafuni, "Mwambie na mashati!" Nikasema na mashati, asante kwa mashati.

Akasema, "Sasa nifanye nini mimi? Hiyo mashine yako siijui."

Nikamwelekeza. Apande ngazi ya chuma mpaka chumba cha mashine kule juu ya paa, azime umeme kwenye swichi kubwa, amwombe mwalimu ashike wenzo wa breki, na yeye ashike gurudumu la mkono azungushe polepole. Nilimwambia mambo hayo kwa kupiga kelele, naye alikuwa anayarudia kwa kupiga kelele, na jengo lote liliyasikia. Baada ya muda akarudi kwenye shimo, anahema.

"Kuna mishale miwili. Mmoja juu, mmoja chini. Nizungushe upi?"

"Upande ulipo wewe," nikamwambia.

Lifti ikatikisika. Ikaanza kwenda chini.

Kupitia upenyo wa mlango niliona mstari wa ghorofa ya tatu ukipanda taratibu, kisha ya pili. Ghorofa moja tu ingenifikisha karibu naye, lakini mkono wake ulizunguka na kuzunguka, unanirudisha nilikotoka. Nikajua hilo ndilo jibu lake. Nilipofika chini nikafungua mlango kwa mkono, nikaketi palepale kizingitini. Mhasibu alikuwa anakoroma. Ukumbi ulikuwa mtupu.

Nikasikia ndara kwenye ngazi. Hazikuwa na haraka. Akatokea na begi lake mkononi, mikono myeusi kwa grisi mpaka kwenye viwiko, jasho usoni.

"Mbona ulinishusha?" nikamuuliza.

"Juu ungefanya nini? Kitanda chetu kiko chini."

Akanipa mkono, nikainuka.

Bia iliyobaki tuliimwaga kwenye mfereji wa nyuma. Mhasibu tulimfunika shuka, akalala mpaka jioni. Alipoamka aliomba radhi kwa lifti.

Swichi nilizisafisha siku iliyofuata, na wifi yako alikuwa nyuma yangu, anauliza. Wenzo huu unazuia nini? Kamba hizi zinakaguliwa lini? Mbona ukizungusha gurudumu mkono unasikia uzito wa watu? Katika ndoa yetu yote hakuwahi kuniuliza habari ya kazi yangu, na mimi sikuwahi kumpandisha kule akaione. Jana nilimkuta na kopo la mafuta na tochi, amejifunga kitambaa kichwani, anangoja nimwonyeshe breki inavyofunguliwa. Mikono yake ni myepesi kuliko yangu, na magoti yake hayagombani na ngazi ya chuma.

Anakusalimu sana. Leo wapangaji wawili wamekuja kugonga mlango, wananiambia lifti inatoa mlio kidogo ikifika ya nne, wanamtafuta fundi. Nimewaambia wangoje, fundi yuko juu.

Kaka yako.